Anayemwita mwizi ni nani? Mwandani mjanja wa michezo ya video na kazi ya mfasiri

Kuna swali ambalo huzuka wanafunzi wa lugha wanapobanana mbele ya kompyuta moja kucheza mchezo wa njozi: yule mwandani ambaye Kiingereza humwita «rogue», kwa Kiswahili tumwite nani? Wa kwanza husema mwizi. Wa pili husema mjanja. Wa tatu, anayependa kamusi za pwani, husema laghai. Mabishano hupamba moto, umeme hukatika, na kila mtu hurudi nyumbani na neno lake.

Maoni yangu ni kwamba wote watatu wana haki, na kosa lipo katika kutaka neno moja. Mhusika huyu hana jina moja. Ana majina mengi, na kila jina hutuonyesha aliyelitamka kabla ya kutuonyesha aliyeitwa. Mfasiri akichagua neno moja na kulipachika kila mahali, atakuwa ametoa hukumu kabla ya hadithi kuanza. Nitajaribu kuonyesha kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaosoma lugha za Kiafrika, hata wale kati yetu ambao hawajawahi kugusa mchezo wa video.

Kwa walimu wetu wasiocheza, nieleze kwanza. Michezo ninayoisema ni ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, hutembea katika nchi ya kubuni yenye wachawi, majoka na mapanga, na njiani hukusanya wandani. Wandani hao hawapo kwa ajili ya kupigana tu. Wana historia zao, hubishana wao kwa wao, hukusifu, hukukasirikia, na baadhi huondoka ukiwatendea vibaya. Kazi zimegawanywa: yupo mpiganaji wa upanga, yupo mchawi, yupo kuhani anayeponya, na yupo huyu wetu, anayetembea kimya, anayefungua kufuli bila ufunguo, anayeuona mtego kabla haujafyatuka, na anayechoma kisu kutoka nyuma.

Mgawanyo huo ulitoka katika mchezo wa mezani wa Kimarekani, Dungeons & Dragons. Ulipotoka mwaka 1974 ulikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwaka 1975 kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk kikaongeza aina ya nne, na jina lake halikuficha kitu: «thief», mwizi. Mwaka 1989 toleo la pili la mchezo huo katika sura yake ya Advanced likamweka mwizi pamoja na mwimbaji wa mashairi chini ya kundi moja lililoitwa «rogue». Mwaka 2000 toleo la tatu likaliondoa kabisa neno mwizi katika orodha ya aina za wahusika, na «rogue» likachukua nafasi yake. Kufuli zilibaki zile zile, na mitego ile ile. Katika miaka 25 mtu huyu alibadilishiwa jina huku akiendelea na kazi yake.

Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunaweza kuuona mgawanyiko huo kwa macho yetu. Katika World of Warcraft, mchezo wa mwaka 2004, wafasiri wa Kifaransa walimwita «voleur». Katika vitabu vya Dungeons & Dragons tangu toleo la tatu, na katika Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, anaitwa «roublard». Neno la Kiingereza ni moja. Mfasiri mmoja alitazama mkono unaochukua, mwingine akatazama kichwa kinachopanga. Hakuna aliyekosea kwa kamusi, lakini mchezaji wa «voleur» na mchezaji wa «roublard» hawaanzi safari na mtu yule yule.

Neno la Kiingereza lenyewe lina historia ya kutisha kidogo. Katika karne ya 16 lilikuwa neno la sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1572 iliwahesabu watu wa kuzunguka wasio na bwana wala kazi inayotambulika, ikaamuru wachapwe viboko na watobolewe gegedu la sikio la kulia kwa chuma cha moto. Kosa la wengi wao lilikuwa kutembea. Wapo wataalamu wa asili za maneno wanaolihusisha neno hilo na ombaomba waliojifanya wanafunzi maskini wa Oxford au Cambridge. Asili hiyo haijathibitishwa, lakini mwanafunzi anayeomba nauli kila mwisho wa mwezi ataelewa kwa nini nimeitaja.

Sasa tuingie katika michezo yenyewe, tutazame ni nani anamwita nani.

Katika Baldur's Gate ya kwanza, iliyotengenezwa na BioWare ya Kanada mwaka 1998, mwandani wa kwanza kujiunga nawe ni msichana aitwaye Imoen. Mmekua pamoja katika ngome ya vitabu iitwayo Candlekeep. Baba yako mlezi anapouawa usiku barabarani, Imoen anatokea asubuhi: alikuwa ameisoma barua isiyomhusu, akakufuata. Fungua ukurasa wa sifa zake utaona neno moja kavu, mwizi. Sikiliza anavyoongea utamsikia mdogo wako. Mchezo unampa majina mawili kwa pamoja, moja katika jedwali na moja katika mazungumzo, na unakuachia wewe uamue ni lipi la kuamini. Mwaka 2000, katika sehemu ya pili, tunaambiwa kwamba kweli ni ndugu yako wa damu. Mchezaji aliyemsikiliza tangu mwanzo hakuhitaji kuambiwa.

Katika sehemu hiyo ya pili yumo Yoshimo. Unamkuta katika gereza la chini ya ardhi ambamo wewe mwenyewe umefungwa. Ni mcheshi, mwenye adabu, na kazi yake anaijua vizuri. Wandani wengine wenye ujuzi wa kufuli wamegawanya maisha yao kati ya wizi na uchawi, yeye peke yake ni wa kazi hii tupu. Kwa hiyo unamchukua kwa sababu unamhitaji, na kwa kuwa unamhitaji, unamwamini. Baadaye inafunuliwa kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa akimtumikia adui yako, amefungwa na kiapo cha kichawi ambacho hawezi kukivunja bila kufa. Anakusaliti, kisha anakufa. Mchezo hauishii hapo. Unaweza kuubeba moyo wake hadi kwa kuhani wa Ilmater, mungu wa wanaoteseka, ili roho yake isamehewe. Yaani mchezo unakuuliza, baada ya yote: sasa utamwita nani? Msaliti? Mtumwa? Rafiki? Wachezaji wengi huubeba moyo ule.

Zevran wa Dragon Age: Origins, mwaka 2009, anaanza kwa njia nyingine. Ametumwa akuue. Unamshinda, amelala chini, na unaweza kummaliza au kumchukua. Ukimsikiliza utajua kwamba alinunuliwa akiwa mtoto na chama cha wauaji wa kukodiwa kiitwacho Crows, akalelewa kama mali yao. Baadaye mwenzake wa zamani anakuja kumrudisha. Ikiwa umejenga naye urafiki, anasimama upande wako. Ikiwa umemtumia tu kama ufunguo, anarudi kwa wale wa kwanza na unalazimika kupigana naye. Uaminifu wake unategemea jinsi ulivyomtendea, na mchezo unaweka hesabu.

Tena katika mchezo huo wapiganaji na wachawi hawawezi kabisa kufungua sanduku lililofungwa. Ni wenye kazi hii tu wanaoweza. Wandani wenye heshima zao wanasimama kando, wanatazama ukutani, kisha dhahabu inaingia katika mfuko wa wote. Hapo ndipo mimi naona kiini cha mhusika huyu. Msafara mzima unaishi kwa mikono yake, lakini jina baya analibeba yeye peke yake. Mkono ni wake, amri ni yako. Waswahili wanasema siku za mwizi ni arobaini. Katika michezo hii siku ya arobaini haifiki, kwa sababu mwizi ni wetu.

Hapo Kiswahili kinaanza kuonyesha utajiri wake. Michezo hii haijatafsiriwa katika lugha yetu, kwa hiyo nafasi ya kufikiri bado ipo, na tuanze na maneno tuliyo nayo.

Neno «mwizi» kwetu si neno jepesi. Kila anayeishi mjini anajua kinachotokea mtu mmoja akilipiga kelele sokoni au kwenye kituo cha basi. Watu hukusanyika kabla ya ushahidi, mawe hupatikana, na mara nyingine anayepigwa hakuiba kitu. Katika Kifaransa cha mchezo, «voleur» ni aina ya mhusika, kama vile «mage» au «guerrier». Katika Kiswahili cha mtaani, «mwizi!» ni mwito wa kundi. Mfasiri hawezi kuliweka neno hilo kama lebo ya kawaida kwenye ukurasa wa sifa, kisha akategemea mchezaji alisome bila kusikia kelele zile.

Ngeli nazo zina la kusema. Mwizi yumo katika ngeli ya watu, pamoja na mwalimu na mgonjwa. Lakini lugha yetu inaweza kumtoa humo kwa silabi moja: «jizi». Hapo amepelekwa kwenye vitu vikubwa na vibaya. Na anayetaka kumdharau zaidi anaacha hata upatanisho wa viumbe hai, hasemi «jizi huyu», anasema «jizi hili». Kiingereza kinahitaji kivumishi cha matusi kufanya kazi hiyo. Sisi tunahitaji kiambishi. Askari wa mji anapomkamata mwandani wako, mfasiri anayeijua lugha hatatafuta tusi jipya. Atabadilisha ngeli tu, na mchezaji atahisi kwamba rafiki yake ameondolewa katika ubinadamu.

Neno «mjanja» liko upande wa pili. Lina sifa na onyo kwa pamoja. Mama akisema mtoto wake ni mjanja anatabasamu; muuzaji akisema mteja fulani ni mjanja anahesabu pesa zake mara mbili. Linaeleweka Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani bila kamusi. Linakaribiana na ile hali ambayo Wakongo tunaitania kwa jina la Ibara ya 15, yaani kila mtu ajitafutie njia. Kama ningelazimishwa kuweka neno moja kwenye ukurasa wa sifa, ningeweka hilo, kwa sababu linasifu kichwa bila kuufunga mkono.

Kisha kuna neno ambalo limesahauliwa na wengi: «ayari». Kamusi za Kiswahili hulieleza kuwa ni mtu mdanganyifu, laghai. Limetoka katika Kiarabu, ambako «ayyar» alihusishwa na kuzurura, kama vile yule wa sheria ya Uingereza. Lakini historia yake ni pana kuliko kamusi zetu. Maayari wa Baghdad walikuwa miongoni mwa waliopigana kuutetea mji wakati wa mazingira ya mwaka 812 hadi 813. Huko Sistan, Yakub aliyekuwa mfua shaba akawa ayari, kisha mwaka 861 akashika utawala na kuanzisha ukoo wa watawala. Na simulizi ndefu ya Kiajemi ya karne ya 12, iitwayo Samak-e Ayyar, inamhusu ayari mwenye hila na neno la heshima anayemsaidia mwana wa mfalme kwa kupenya usiku, kubadili sura na kuteka watu. Huyo ni mwandani mjanja, karne nyingi kabla ya kompyuta. Neno lilipoingia katika Kiswahili lilibaki na hila, heshima ikapotea. Mfasiri angeweza kuirudisha kwa kuliweka neno hilo katika kinywa cha mtu wa zamani, msomi au mtawala, anayemtazama mwandani wako kwa kumwogopa na kumheshimu.

Wengi wataniambia kwamba hatuhitaji Waajemi, tunaye Kalulu, sungura wa hadithi za Katanga. Nampenda Kalulu, lakini si yeye. Kalulu anafanya hila kwa ajili ya tumbo lake, na wanaotembea naye mara nyingi ndio watakaodanganywa. Mwandani wa michezo hii ana kundi, na swali lake kubwa ni kama kundi hilo litamkubali. Tukimwita Kalulu tutapata kicheko na kuikosa huzuni.

Pendekezo langu basi ni kugawa maneno kwa wasemaji. Ukurasa wa sifa useme mjanja. Adui na askari waseme mwizi, na wakikasirika sana, jizi. Msomi wa zamani aseme ayari. Wandani wenzake wamwite kwa jina lake, au kwa neno la undugu wanalostahili kulitumia. Imoen angekuita wewe «yaya», kama tunavyowaita kaka na dada zetu wakubwa hapa kwetu. Ni kweli kwamba mchezaji wa Nairobi atashangaa kwa nini msichana huyu anamwita mlezi wa watoto. Mshangao huo ni sehemu ya kazi: atajua kwamba Kiswahili kina nyumba zaidi ya moja.

Hilo linanifikisha kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote, yaani lafudhi.

Wajanja wa michezo hii mara nyingi hupewa sauti ya mtu wa pembeni. Zevran anaongea Kiingereza chenye ladha ya Kihispania. Yoshimo, anayetoka mashariki ya mbali ya ulimwengu ule, amepewa lafudhi ya kuigiza Kijapani. Annah wa Planescape: Torment, mchezo wa mwaka 1999, anaongea kwa lafudhi ya Uskoti, na mji wake mzima unatumia maneno yaliyochotwa katika lugha ya siri ya wezi wa Uingereza ya zamani. Dungeons & Dragons yenyewe ina lugha maalum ya wezi, inayohesabika kama lugha nyingine yoyote. Hata nje ya michezo lugha ya namna hiyo ilikuwepo: Thomas Harman alikusanya maneno yake katika karne ya 16, ili watu wenye mali wajue ni nani wa kumwogopa. Orodha ile ya msamiati ilikuwa pia orodha ya washukiwa.

Sasa fikirieni mchezo kama huu ukitafsiriwa. Kishawishi kitakuwa kikubwa: shujaa, kuhani na malkia waongee Kiswahili sanifu, na mjanja aongee Kiswahili cha mtaani. Mtaa gani? Mtu ataikumbuka Indubil. Lugha hiyo ya vijana ilianza Kinshasa miaka ya 1950 kwa vijana walioitwa Bills, waliopenda filamu za wachunga ng'ombe wa Kimarekani. Ilipofika Bukavu ilijengwa juu ya Kiswahili, na mtaalamu Didier Goyvaerts aliiandikia makala mwaka 1988. Goma nayo ina Yabacrâne. Ni lugha hai, zenye kejeli na ubunifu, na zingemfaa sana mhusika mwepesi wa ulimi. Ningefurahi kumsikia Imoen akiongea hivyo.

Lakini akiongea hivyo yeye peke yake, tutakuwa tumefanya kama Harman. Tayari Kiswahili cha Kongo kinachekwa na ndugu zetu wa mashariki, wanaosema kimevunjika. Tayari kijana akifungua mdomo ofisini na kutoa Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi hutazamwa mikono. Tukiweka usemi huo kinywani mwa mwizi peke yake, tutawafundisha wachezaji wa Dar es Salaam na Mombasa kwamba hivyo ndivyo wezi wanavyoongea. Na mbaya zaidi, tutawafundisha wadogo zetu kwamba usemi wao haumfai kuhani wala malkia. Kanuni ninayoitaka ni rahisi: usemi wa kwetu ukiingia, uingie kwa wengi. Kuhani aombe kwa Kiswahili cha Kisangani. Malkia agombeze kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Hapo mjanja wa Bukavu atatambulika kwa ulimi wake mwenyewe, na lafudhi haitamhukumu.

Na mjanja si lazima aongee kimtaa. Astarion wa Baldur's Gate 3, mchezo uliotengenezwa na Larian ya Gent, Ubelgiji, anaongea Kiingereza cha mabwana, cha madaha na dharau. Mwigizaji wake, Neil Newbon, alitunukiwa kwa sauti hiyo katika The Game Awards za mwaka 2023. Astarion alikuwa hakimu. Kisha akageuzwa mnyonya damu na kuwa mtumwa wa bwana mmoja kwa miaka 200, akitumwa usiku kumletea watu. Mara ya kwanza mnapokutana anakuwekea kisu shingoni. Aliyewahi kuwaita watu wahalifu kwa cheo chake sasa ni mhalifu, na usemi wa mahakamani haujamtoka. Kwa Kiswahili huyu angeongea lugha ya barua za zamani, yenye «tafadhali» nyingi na matusi yaliyofunikwa. Mwishoni anaweza kukuomba umsaidie kutoa kafara watu 7000 walionyonywa kama yeye ili apate nguvu za bwana wake. Ukikubali anakuwa yule aliyemtesa. Ukimkatalia kwa upendo, anaweza kubaki huru na mnyonge. Hakuna neno la kwenye ukurasa wa sifa linaloweza kukuamulia hilo.

Mmoja amefika mbali kuliko wote, naye ni Varric wa Dragon Age II, mwaka 2011. Ni wa ile jamii ya watu wafupi wa hadithi za njozi, na hapa mfasiri wa Kikongo atakuwa mwangalifu, kwa maana «mbilikimo» kwetu limetumika kuwadharau watu halisi wa misitu yetu. Varric ndiye anayesimulia mchezo mzima. Amekamatwa, anahojiwa, na kila unachocheza ni maneno yake. Mwanzoni anatia chumvi kiasi kwamba anayemhoji anamkatiza, na mnaanza upya. Tena ndiye anayewapa wengine majina: Anders mwenye nywele za dhahabu, Fenris mwenye uso wa huzuni, Merrill aliye kama ua dogo, wote wana majina ya utani kutoka kwake. Aliyezoea kuitwa sasa anaita. Ndiyo sababu nasema michezo bora ya aina hii ni ile inayompa mjanja haki ya kujisimulia, na tafsiri bora itakuwa ile isiyomnyang'anya haki hiyo.

Najua kuna msomaji atakayekasirika. Ataniambia: wewe unacheza na viambishi, lakini sisi tuliovunjiwa milango usiku hatuoni uzuri wa mtu anayefungua kufuli. Ana haki. Aliyeibiwa hana deni la kumwonea mwizi huruma, na sitamwomba abadili neno lake. Ninachosema ni kwamba michezo hii ina kosa ambalo msomaji huyo ameliona vizuri kuliko wachezaji: mara nyingi masanduku hayana wenyewe. Unaingia nyumbani kwa mtu, unamwamuru mwandani wako afungue, na mwenye nyumba ama hayupo ama ametolewa sauti. Kosa hilo ni la waandishi wa mchezo, na letu sisi tunaotoa amri. Mfasiri makini angeweza hata kulionyesha, kwa kumpa yule mwenye nyumba anaporudi neno zito kuliko la awali, na kwa kulielekeza kwenu nyote: «wezi», kwa wingi. Kiswahili kinaweza hilo kwa kubadili mwanzo wa neno, na shujaa mwenye upanga wa dhahabu atajikuta ndani ya ngeli moja na rafiki yake.

Kwa hiyo nina ombi kwa kitivo. Kila mwaka tunaandika TFC juu ya methali, majina ya watoto na nyimbo za harusi, na ni kazi nzuri. Tuongeze moja. Wanafunzi watatu wachukue mazungumzo ya Imoen, Zevran na Astarion, wayatafsiri katika Kiswahili cha miji yao mitatu, kisha waorodheshe kila neno ambalo mhusika anaitwa na nani anayemwita. Hakuna haja ya mashine ya bei kubwa kwa kuanza, maana mchezo wa mwaka 1998 hauhitaji kompyuta yenye nguvu. Waanze na dakika ile Zevran amelala chini, umeamua kumwacha hai, na mwenzako Alistair hakubali kabisa kutembea na mtu aliyekuja kukuua. Alistair atafungua mdomo kulalamika mbele yake. Atasema neno gani, na Zevran, ambaye anasikia, atajibu kwa lipi?